Pasi Mbili, Soketi Moja na Amina ya Sista Nzilani

Wewe wa kamati ya sherehe uliyefunika mashine ya moyo kwa kitambaa cha kufuma, ukaweka jagi la maua juu yake, kisha ukaruhusu waya wake uchomolewe ili papatikane mahali pa kujaribia spika, huna haya? Nilipita wodini jana nikaona. Na maua yenyewe ni ya plastiki! Nimeyatoa, nimeyasukuma chini ya kitanda. Waya sikuurudisha. Nimeuacha ukining'inia makusudi, na mwenye kazi hiyo atajijua kabla karatasi hii haijaisha.

Sasa tuanze kwa adabu. Sista Nzilani Muthama anastaafu Jumapili hii, tarehe thelathini Juni 1996, baada ya miaka thelathini na miwili ya uuguzi. Ishirini na mitano kati ya hiyo ameimaliza hapa hapa, Hospitali ya Misheni ya Kwa Ndululu. Tunamuaga leo Ijumaa kwa sababu Jumapili watu wako kanisani, na pia kwa sababu Ijumaa ndiyo siku jenereta huwashwa mchana. Kumbukeni hiyo siku ya Ijumaa. Tutairudia.

Anayeandika ni Kaluki wa dobi. Nilianza kufua shuka za hospitali hii mwaka wa 1969. Kusoma nilijifunzia gumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na wajukuu wawili tayari, kwa hivyo anayetaka Kiswahili cha redio awashe redio. Kamati iliniambia niandike ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja ni wa mtu aliyefanya kazi miaka mitano.

Nzilani maana yake ni aliyezaliwa njiani, na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa 1941 mama yake alikuwa akienda soko la Tulia na kikapu cha ndengu. Akamzaa kando ya njia, akapumzika kidogo, kisha akafika sokoni akauza ndengu zote. Ndiyo sababu binti yake hajui kutembea polepole mpaka leo. Ukimwona Sista anatembea kama watu wengine, jua ni mgonjwa.

Alianza kazi Kyuso mwaka wa 1964, kwenye zahanati ya chumba kimoja, akizunguka kwa baiskeli na sanduku la chanjo mgongoni. Alizalisha wamama wa huko mpaka wakakosa majina. Nimeambiwa Kyuso kuna wasichana kumi na saba wanaoitwa Nzilani. Kuna na mvulana mmoja. Wazazi wake walishukuru kupita kiasi.

Alipofika hapa mwaka wa 1971, siku ya kwanza kabisa alikuja dobi, akafunua shuka zangu moja moja, akapata yenye doa, akanirudishia mbele ya watu. Mimi! Nilimchukia kabla hajajua jina langu. Nikaifua tena ile shuka. Doa likatoka. Sikumwambia limetoka.

Si mtu wa kusifiwa ovyo, huyu. Chapati zake unaweza kushonea viatu. Sauti yake ya kuimba inafukuza njiwa darini. Anakula amesimama, kijiko mkono mmoja na kitabu cha wodi mkono wa pili, na ukimpa kiti anakiwekea nguo. Lakini kuna mzee mmoja wa Ikutha aliyepona nimonia, akaja kushukuru na kuku ameficha ndani ya koti. Kuku akatoroka, akapanda kitanda cha sita, akataga yai juu ya shuka yangu safi. Nilikuwa tayari kupigana. Sista akachukua kitabu cha wodi, akaandika bila kucheka: Kitanda cha sita, kuku mmoja, amejifungua salama, ameruhusiwa kwenda nyumbani. Kile kitabu bado kiko. Nendeni mkasome.

Sasa mashine.

Ililetwa mwaka wa 1986 na daktari mgeni aliyekaa nasi miezi mitatu, mtu mrefu mpaka tukamwita Ngamia, naye akaitika. Kwa Kiingereza ina jina refu ambalo sijaribu kulitamka. Kazi yake ni kushtua moyo. Daktari alieleza kuwa kuna wakati moyo hausimami kabisa ila unatetemeka tu, kama mtu mwenye homa, na damu haiendi popote. Hapo unaupiga kwa umeme mara moja, huo mtetemeko unakatika, na Mungu akipenda moyo unashika mwendo wake upya. Ina kioo kidogo cha kuonyesha mstari wa moyo, ina betri ya kuchajiwa, na ina mikono miwili yenye chuma bapa chini na mpini juu. Mimi nimeshika pasi maisha yangu yote. Nilipoiona nikasema hizo ni pasi, tena ni mbili. Mpaka leo jina lake ni Pasi Mbili, hata wauguzi wenye vyeti wanaiita hivyo.

Siku ya mafunzo walilaza gunia la maganda ya mahindi kitandani liwe mgonjwa. Mimi nilikuwa napita na furushi la shuka. Daktari anaweka pasi juu ya gunia, anapaza sauti, "Klia!" Anaweka tena, "Klia!" Nikamshika muuguzi mmoja mkono, nikamuuliza nani amekufa, mbona mzungu anatuamrisha kulia. Walicheka mpaka gunia likaanguka. Kumbe kwa lugha yake anaambia watu waondoe mikono, maana anayemgusa mgonjwa wakati ule naye anapata umeme wake. Cheka tu. Lakini weka hiyo "klia" mfukoni, tutaihitaji.

Ngamia akaenda kwao. Mashine ikabaki, na hapo vita vikaanza, kwa sababu wodi ile ina soketi moja inayofanya kazi, na soketi hiyo ilikuwa yangu. Pale ndipo nilikuwa nachomeka pasi ya umeme kila Ijumaa kunyoosha makoti ya madaktari. Sista akatangaza kuwa kila Ijumaa, jenereta ikiwaka, lazima Pasi Mbili ichajiwe mpaka taa yake iwe ya kijani.

"Kaluki, toa pasi yako."

"Toa zako wewe. Mimi nina moja, wewe unazo mbili."

"Zangu ni za mioyo."

"Basi nionyeshe moyo mmoja uliokunjamana."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaamkiana kila Ijumaa kwa miaka miwili. Na kwa miaka hiyo miwili mashine ile ilikula umeme bila kufanya kazi hata siku moja, kama mwanamume fulani wa stoo ambaye sitamtaja. Sista hakujali. Kila wiki alifuta vumbi, akahesabu vitambaa vya kutandika chini ya hizo pasi, akaangalia taa ya kijani, akaandika tarehe ukutani. Tulimcheka. Nilikuwa wa kwanza kumcheka, na sauti yangu mnaijua.

Ikafika Ijumaa moja ya Machi 1988. Jumapili yake kwaya ya kanisa letu ilikuwa inakuja kuimbia wagonjwa, na mzee wangu Muli ndiye besi. Alitaka shati yake nyeupe. Nilikuja na ile shati nimeificha chini ya makoti ya daktari, nikakuta Pasi Mbili imechomekwa na taa bado nyekundu. Nikachomoa. Ndiyo, mimi Kaluki, nilichomoa. Nikanyoosha kola. Nikanyoosha mikono. Nikanyoosha mbele, vifungo vyote sita. Nilipogeuza mgongo, Sista huyo mlangoni.

"Hiyo shati ni ya daktari gani?"

"Ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Bado hajaugua."

Akang'oa waya wangu. Akachomeka wake. Akavuta kiti akakaa mbele ya soketi mpaka jenereta ikazimwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi kazini. Nikaenda nyumbani na shati yenye mbele ya bwana harusi na mgongo kama jani la kabeji iliyopikwa. Nikamwambia Muli avae koti na asilivue hata jua likimkaanga.

Jumapili wakaja. Wodi ya wanaume ikajaa. Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri. Wimbo wa pili, katika ubeti wa pili, nikasikia kitu kimepungua chini ya sauti, kama nyumba imetolewa nguzo. Besi imepotea. Nikageuka. Muli ameshika chuma cha kitanda, jasho linamtiririka, halafu hayuko tena amesimama. Yuko chini.

Mnatujua sisi wa kanisa letu. Mtu akianguka, tunamshika. Kila mtu anatafuta mahali pa kuweka mkono. Mzee Mbuvi, mzee wa kanisa, akaanza maombi hapo hapo. Na ukishaweka mkono katika maombi, mkono hautoki mpaka Amina. Hata nyuki akuume. Mimi nilishika mguu wa kushoto, na nilishika vile mtu anashika kamba ya kisima.

Sista alifika kwa magoti, kama ameteleza. Akagusa shingo. Akaweka mikono katikati ya kifua cha mzee wangu akaanza kukandamiza, anahesabu kwa sauti, na bila kugeuka akaita, "Kiilu! Leta Pasi Mbili!" Kiilu ni yule wa jenereta. Tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Siku hiyo alikimbia mpaka akaacha kiatu kimoja mlangoni.

Akampa Kiilu kazi ya kukandamiza, akashika makasi. Akakata koti. Akakata shati kuanzia kola niliyoinyoosha mpaka chini, akaivuta yote kutoka mgongoni, akamfuta nayo jasho kifuani. Na mbele ya kwaya nzima, ule mgongo uliokunjamana ukapepea kama bendera. Hata katika kilio changu nilisikia aibu. Akaweka vitambaa viwili vilivyoloweshwa maji ya chumvi, kimoja juu upande wa kulia, kimoja chini kushoto, na pasi juu yake. Kwenye kioo mstari ulikuwa unatetemeka ovyo, juu, chini, bila neno, kama mwandiko wangu wa mwezi wa kwanza gumbaru. Taa ilikuwa ya kijani. Mashine ikaanza kulia kama birika, maana imejaa tayari.

"Klia!" Sista akasema, kama alivyofunzwa.

Jamani! Kulia tulikuwa tunajua. Wanawake wote wakaangua kilio, na kadiri tulivyolia ndivyo tulivyomkaza. Sista akapaza, "Ekai!" yaani achieni, Kikamba safi cha mama yake. Waliosikia walidhani anakataza maombi, wakashika kwa mikono miwili. Mzee Mbuvi alikuwa amefika kwa wana wa Israeli, na bahari walikuwa hawajaiona bado. Sista akaniangalia mimi.

"Kaluki, achia!"

"Siachi mume wangu!"

Na hapo ndipo angekufa, mikononi mwetu, akiwa ameombewa vizuri. Pasi ziko kifuani, umeme umejaa, na hakuna mahali pa kuupitisha isipokuwa kwa kwaya nzima.

Sista akainua kichwa. Akafunga macho. Na ile sauti yake mbaya, sauti ya kufukuza njiwa, akaitoa yote katikati ya maombi ya mzee wa kanisa:

"Katika jina la Yesu, AMINA!"

"AMINA!" Wodi nzima. Wagonjwa pia. Mikono yote ikaruka juu kama kuku waliomwagiwa maji. Wangu pia. Mkono wangu haukuniuliza, ulijua kazi yake tangu Shule ya Jumapili. Kiilu naye akaruka nyuma, na Sista akabonyeza.

Muli akashtuka mwili mzima, vile shuka inashtuka ukiikung'uta kabla ya kuianika. Mstari ukaendelea kutetemeka. Kiilu akarudi kukandamiza. Mzee Mbuvi akafungua macho, amekasirika.

"Sista, mimi nilikuwa sijamaliza."

"Utamaliza nikimaliza, mzee."

Mikono ikaanza kurudi kidogo kidogo. Mashine ikalia tena kama birika. "Amina!" Mikono juu. Akabonyeza. Safari hii mstari ukanyooka kama kamba ya nguo, nikasema basi, nimebaki mjane mwenye pasi. Halafu kikaja kilima kimoja. Kikaja cha pili. Kikaja cha tatu, vimepangana, kama mshono wa cherehani. Sista akagusa shingo, akakaa chini sakafuni, na hiyo ikawa mara ya pili kumwona ameketi kazini.

Muli alifungua macho baada ya muda wa kuchemsha chai. Hakuuliza yuko wapi. Hakuniuliza mimi. Aliuliza, "Shati yangu iko wapi?" Sista akainua kile kipande cha shati kilichobaki, akamwambia amuulize Kaluki kwa nini mgongo haukupigwa pasi. Kwaya ikacheka na kulia kwa pamoja, na Mzee Mbuvi akaruhusiwa kumaliza. Aliwavusha wana wa Israeli mpaka Kanaani, hakuacha hata mbuzi nyuma.

Muli alipelekwa Nairobi kwa Landrova, akakaa wiki tatu, akarudi na dawa za kumeza asubuhi. Leo yuko hapa, ndiye anayekula pilau yenu pale mbele. Besi bado anaimba, ila ubeti wa pili huwa anauruka. Anasema hauamini.

Sasa nisikilizeni. Kama ningeshinda ile Ijumaa, shati ingenyooka pande zote mbili, na ningemzika nayo. Neno hilo sijawahi kumwambia Sista kwa mdomo. Nimeliandika hapa kwa sababu kwa karatasi hawezi kunijibu. Tangu siku hiyo mlinzi wa soketi ni mimi. Pasi yangu inangoja kwenye foleni kama mgonjwa mwingine yeyote.

Mashine imetumika mara kumi na moja tangu ije. Wanne walienda nyumbani kwa miguu yao. Saba hawakuamka, na majina yao ameyaandika nyuma ya kitabu cha wodi kwa wino mwekundu, kila mwaka anayasoma. Mwenyewe huwafunza wauguzi bila kuficha: mstari ukitetemeka, piga, ukinyooka kama kamba ya nguo, pasi haina kazi, kandamiza kifua usichoke. Na neno la kuondoa mikono hapa Kwa Ndululu ni Amina. Limebandikwa ukutani kwa mwandiko wake. Ngamia aliporudi kututembelea mwaka wa 1990 alikuta mafunzo yakiendelea, watu ishirini wanapaza Amina juu ya gunia la maganda, akadhani tumeanzisha mkutano wa injili.

Sista Nzilani, unarudi Tulia kwa mbuzi wako na ndengu za mama yako. Asante kwa doa ulilonirudishia, lilikuwa doa kweli, na lilitoka. Asante kwa kile kiti ulichokaa mbele ya soketi. Huko nyumbani ule ukiwa umeketi. Tembea polepole, hakuna anayekufa. Ndengu zako zizae mpaka ukose magunia, magoti yako yapoe, na wale Nzilani kumi na saba na yule mvulana wakutembelee kwa zamu. Kwaya usijiunge. Tunakupenda, lakini njiwa wa Tulia hawajakukosea kitu.

Imebaki wewe, Ndinda wa kamati, unayetusomea karatasi hii na unayeshika nafasi ya Sista. Ufunguo wa wodi ulipewa tangu Jumatatu, na wewe ndiwe uliyemruhusu mtu wa spika achomoe waya. Una cheti kizuri, una mikono safi, lakini sauti yako ni ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mwanangu, kwa sauti hiyo Muli wangu angekuwa kaburini miaka minane.

Kwa hivyo keki haikatwi bado. Muli atalala kwenye benchi hapo mbele, nimeshamwambia, shati ameivaa ya zamani. Mashine ibaki ukutani kwake, kwa zoezi shika pasi zangu za makaa, ziko baridi. Sisi wote tutamshika vile tulivyomshika, mimi mguu wa kushoto. Mzee Mbuvi ataanza kuomba na hatamaliza. Nawe utasema Amina mpaka mikono yote iende juu kwa mara moja, na Sista, akiwa amesimama kule kwa geti kupima kama sauti yako inafika, ainue wake pia. Ikishindikana, unarudia. Keki haina miguu.

Lakini kabla ya hayo yote, jenereta inaunguruma na leo ni Ijumaa. Spika inyamaze, besi tunayo. Ndinda, weka karatasi hii chini, nenda wodini sasa hivi, uchomeke ule waya, na usirudi mpaka taa iwake.